Nani Alikausha Chemchemi?

Kila siku kengele ya saa kumi ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani kucheza mpira, lakini Chelimo alikimbilia nyumbani kuchukua mtungi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, na nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko wa mashamba ya chai, mwendo wa nusu saa kutoka mji mdogo wa Kapsoit. Kazi yake ilikuwa ileile kila jioni: kuvua sweta ya shule, kuchukua mtungi wa lita ishirini na kamba ya kuubebea, kumpitia rafiki yake Gesare kwenye nyumba za kupanga karibu na kituo cha kukusanyia majani chai, kisha kuteremka mtoni.

Kuteremka kulichukua dakika ishirini. Kupanda na maji mgongoni kulichukua arobaini, na hapo hujahesabu foleni. Watu wa vijiji vitatu waliteka maji mahali pamoja, na mahali hapohapo ng'ombe walikunywa.

Jumatatu moja mvua ilinyesha mchana na njia ikawa telezi. Chelimo alikuwa amepanda nusu ya kilima mguu wake ulipoteleza. Alianguka kwa goti juu ya jiwe, na mtungi ukapasuka chini. Maji yote yakamwagika, yakarudi mtoni kwa haraka kuliko alivyoyaleta.

"Pole, Chelimo," Gesare alisema akimvuta mkono. "Unatoka damu."

Chelimo aliokota mtungi. Alifika nyumbani akichechemea, na mtungi mtupu mkononi. Nyanya yake, ambaye yeye na watu wote wa boma walimwita Kogo, alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni akichagua maharagwe.

"Maji iko wapi?" Kogo aliuliza.

"Nimeanguka, Kogo. Mtungi umepasuka."

"Umeanguka!" Kogo aliweka ungo chini. "Sisi tulibeba maji na mtoto mgongoni, na kuni juu ya kichwa, na hatukuanguka. Watoto wa siku hizi mmelegea sana. Mko na viatu, mko na sweta, na mtungi mmoja inawashinda!"

Chelimo aliyajua maneno hayo tangu alipoanza kushika ufagio. Siku nyingine aliyaacha yapite. Siku hiyo, goti likimuuma na soksi zikiwa zimelowa, yalimchoma. Aliingia jikoni akabamiza mlango, akasimama dirishani akihema.

Kutoka pale dirishani aliiona mikaratusi iliyoota bondeni, hatua sitini tu kutoka jikoni. Baba yake, Jonah, alikuwa amemwambia kwamba zamani palikuwa na chemchemi pale, na kwamba alipokuwa mtoto aliteka maji hata kabla hajanawa uso. Chelimo mwenyewe alikumbuka vyura wakilia pale alipokuwa mdogo sana. Sasa palikuwa na majani makavu tu. Na aliyeipanda mikaratusi ile, ili aiuze kuni kwenye kiwanda cha chai, hakuwa mtu mwingine ila Kogo.

Kesho yake, Mwalimu Nyagaka, aliyewafundisha Kilimo na Kiswahili, aliwatangazia kwamba Ijumaa, siku ya wazazi, kungekuwa na mdahalo. Aliandika hoja ubaoni: Vijana wa leo wanaishi maisha magumu kuliko wazazi na babu zao.

"Nani atau..."

"Mimi, Mwalimu! Nitaunga mkono," Chelimo alisema kabla swali halijaisha.

Ijumaa ilipofika, darasa lilijaa wazazi hadi wengine wakasimama ukutani. Mathew, kijana mwenye sauti nzito, ndiye aliyepinga hoja. Alisema kwamba zamani watoto walikufa kwa surua, kwamba hapakuwa na umeme wala barabara, na kwamba kijana wa leo akiumwa hupelekwa hospitali, hata ile ya mbali kule Longisa kama ni lazima. Wazazi wakampigia makofi.

Chelimo alisimama. Alikuwa na karatasi, lakini hakuitazama.

"Wazee wetu wanatuambia tumelegea," alianza. "Wanasema walibeba maji. Ni kweli, walibeba. Lakini waliyabeba kutoka wapi? Kwetu palikuwa na chemchemi hatua sitini kutoka jikoni. Mimi leo natembea saa nzima. Nani aliikausha? Si mimi! Nyanya yangu aliipanda mikaratusi juu yake, akaiuza, na sasa anakaa kivulini akiniita mvivu!"

Wanafunzi walipiga madawati kwa ngumi. Hapo ndipo Chelimo alipoona kitambaa cha kichwa cha Kogo, kile cha zambarau, nyuma kabisa, karibu na mlango. Alikuwa akimtarajia baba yake, lakini siku hiyo lori la majani chai lilikuja mapema, naye Jonah hakuweza kutoka kituoni alikofanya kazi. Kogo alikuja badala yake.

Angeweza kunyamaza hapo. Hakunyamaza.

"Walikunywa maji yote," alimaliza kwa sauti ya juu zaidi, "wakatuachia sisi mtungi!"

Kelele zilijaa darasani. Mwalimu Nyagaka aliinua mikono, lakini kabla hajasema neno, Kogo alikuwa amesimama.

"Mwalimu, mimi naweza kuuliza swali?"

"Karibu, mama."

"Chelimo." Kogo alimgeukia mjukuu wake. "Mimi nilisoma mpaka darasa la ngapi?"

Chelimo alitazama karatasi yake. Hakujua.

"Hujui. Umekaa na mimi miaka kumi na tatu na hujui. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Baba yangu alinitoa shule ili ndugu yangu aendelee. Nililia mpaka nikatapika. Nilipozaa, nikaapa hakuna mtoto wangu atatolewa shule. Hiyo miti unatukana ilisomesha baba yako na shangazi zako wawili. Tuliambiwa tupande penye maji, itakua haraka. Tukapanda. Nani alituambia itakunywa chemchemi? Nani?"

Kogo alichukua mkoba wake akatoka, na watu wakampisha njia. Mwalimu Nyagaka hakutangaza mshindi.

Jioni ile Jonah alikuwa amekwisha kupata habari zote njiani. Alimkuta binti yake sebuleni na hakumsalimu.

"Umemvua nguo mama yangu mbele ya kijiji kizima! Nenda ukapige magoti mbele yake sasa hivi!"

Kogo alikuwa kwenye kiti chake, macho ukutani. Chelimo alipiga goti lile moja lisilouma.

"Kogo, nisamehe kwa kukutukana mbele ya watu. Sikujua habari ya shule yako. Nilipaswa kukuuliza kwanza." Angeweza kuishia hapo, lakini hasira yake haikuwa imekwisha, na aliona kuificha ni kama kusema uongo. "Lakini goti langu bado linauma, na chemchemi bado imekauka. Hayo siwezi kusema si kweli."

"Bado unajibu?" Jonah alifoka, akapiga hatua mbele.

"Mwache," Kogo alisema. "Mwache, Jonah. Kesho nitaenda mtoni na yeye."

Kogo hakuwa amekanyaga mtoni kwa miaka sita, tangu miguu ilipoanza kumsumbua. Jumamosi asubuhi alichukua fimbo yake na kimtungi kidogo cha lita tatu, wakateremka polepole. Mtoni walikuta foleni ndefu. Juu kidogo ya mahali pa kuteka, ng'ombe walikuwa wamesimama ndani ya maji wakifanya haja zao. Wanawake wawili walikuwa wakisukumana kwa sababu ya zamu. Kogo alitazama yote, kisha akajaza kimtungi chake.

Wakati wa kupanda alipumzika mara tano. Mara ya nne aliketi chini kabisa katikati ya njia, akihema.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, Kogo. Jumamosi mara tatu."

"Na unasoma saa ngapi?"

"Nikimaliza kupika. Kama sijalala."

Kogo aliinuka bila kushikwa mkono. Walipofika nyumbani hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja hadi bondeni, akaweka kimtungi chini, na kuanza kuupiga mkaratusi kwa fimbo yake huku akiutukana kwa Kipsigis kama mtu anayemtukana mbwa mwizi. "Nilikupanda kwa mkono wangu!" alisema. "Kwa mkono wangu huu!" Chelimo nusura acheke, kisha akaona machozi.

"Jonah!" Kogo aliita. "Kata hii miti!"

Jonah alikuja akikimbia. "Mama, hii miti ndiyo karo ya Chelimo. Mwaka kesho kutwa ataingia sekondari ya juu. Nikiikata leo ikiwa bado myembamba tangu ilipochipua upya, nitamlipia na nini?"

"Kata!"

"Unataka atolewe shule kama wewe?" Jonah alipaza sauti, na papo hapo akajuta.

Chelimo aliitazama ile miti aliyoichukia. Hakuwahi kufikiri kwamba hata yeye aliitegemea. Alijiona amekasirika bado, lakini sasa hakujua amkasirikie nani.

"Baba," alisema mwishowe, "kwani ni lazima yote? Tukate ile ya chini, iliyo karibu na maji. Ile ya juu ya mteremko ibaki."

Jonah na mama yake walitazamana. Hakuna kati yao aliyekuwa amefikiria hivyo, kwa maana kila mmoja alikuwa akishughulika na kupiga kelele. Jumatatu, Jonah mwenyewe alikwenda shuleni kumuuliza Mwalimu Nyagaka. Mwalimu alikuja jioni, akapima kwa hatua, akafunga kamba nyekundu kwenye kila mkaratusi uliokuwa karibu mno na chemchemi. Ilikuwa ishirini na minane.

Kuikata kulichukua siku mbili, lakini hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Visiki vilichipua upya baada ya wiki chache, kana kwamba havikusikia habari. Kila Jumamosi Chelimo na Gesare walishuka na mapanga kukata vichipukizi. Kogo aliketi juu ya kigoda akiwaonyesha mahali pa kupanda miche ya miti ya kienyeji, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekumbuka ni miti gani ilisimama pale zamani.

"Hapo palikuwa na lamaiywet, mti wa zambarau za mwitu," aliwaambia. "Tulikula matunda mpaka ulimi ukawa mweusi. Weka mche hapo. Si hapo! Unapanda kama unatupa takataka!"

Mvua za masika zilipita. Hakuna maji yaliyotoka. Siku moja Chelimo alitupa panga chini.

"Tunajidanganya! Miezi sita imepita bado nabeba maji ya mtoni, na Jumamosi napigana na visiki. Hapa hakuna kitu!"

"Basi kasirika," Kogo alimjibu kwa ukali. "Mimi pia nimekasirika. Kasirika huku unakata."

Chelimo aliokota panga.

Mwezi wa Novemba, katika mvua za vuli, mguu wa Gesare ulizama hadi kifundoni. "Chelimo! Hapa kuna matope!" alipiga kelele. Walichimba kwa mikono. Maji yalijikusanya shimoni, ya rangi ya udongo, kiasi cha kujaza bakuli. Walikaa wakiyatazama hadi yakatulia na kuwa meupe. Kogo alichovya kidole akakiweka mdomoni, kisha akageuka upande mwingine ili wasimwone uso.

Maji hayakurudi yote kwa siku moja. Lakini mwaka uliofuata Jonah aliijengea chemchemi kwa mawe, akaweka bomba fupi, na mtungi ulijaa katika muda wa kumenya viazi. Majirani waliruhusiwa kuteka. Gesare na mama yake waliacha kwenda mtoni. Chelimo alianza kumaliza kazi za shule kungali na mwanga, na alama zake zikapanda.

Mwalimu Nyagaka aliwaleta wanafunzi wote wa darasa waone. Walikunywa kwa viganja wakizunguka bomba. Mathew hakuwa amesahau.

"Kogo," alisema, "kwa hivyo ule mdahalo alishinda nani? Nani aliteseka zaidi, ninyi au sisi?"

Kogo alikunja uso.

"Hilo swali limenichosha," alisema. "Mimi nilinyimwa shule. Huyu alinyimwa maji, na mimi ndiye nilimnyima, hata kama sikujua. Yangu ilikuwa shida na yake ni shida. Nilifanya makosa makubwa. Mtoto aliniambia mzigo ni mzito, na mimi nikaanza kumhesabia mizigo yangu ya zamani. Nilipaswa kumsaidia kubeba kwanza. Na yeye alikosea. Alijua nilichofanya, lakini hakuniuliza kwa nini nilifanya. Angeuliza, tungekata hii miti mapema."

Aliwatazama mmoja mmoja. "Mkiona mambo yameharibika, kasirikeni. Mimi sitawaambia mnyamaze. Semeni ukweli hata kwa mzee, lakini semeni kwa heshima, na mkimaliza kusema mshike kazi. Hasira inayoishia mdomoni haijawahi kuleta maji."

Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea kisiki kilichochipua tena. "Haya, Mathew. Wewe una sauti kubwa. Chukua panga, tuone kama una mikono pia."

Mathew alicheka, lakini Kogo hakucheka. Mathew akachukua panga.