Picha ya Kiti Kitupu

Kilianza kiwiko. Mwoka mikate alikuwa amepiga picha ya kiti, kiti tu, kando ya dirisha la jikoni, alasiri jua linapoingia kwa mshazari. Alipoikuza kwenye kompyuta ya binti yake, akaona kiwiko cha mtu kimeegemea mkono wa kiti. Akafuta kioo kwa shati. Kiwiko kikabaki palepale.

Lakini usimcheke bado, nisikilize kwanza. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, na katika nyumba ile mwenye kamera alikuwa yeye. Harusi, mahafali, watoto wa jirani wakiota meno, wote aliwapiga picha yeye. Siku walipotafuta picha yake ya kutundika ukutani, walipekua albamu, wakapekua simu, wapi! Kila mtu yumo, yeye hayumo. Na mwoka mikate alikuwa ameanza kuusahau uso wake. Akifumba macho anapata khanga, anapata kicheko, uso unamponyoka. Hilo lilimuuma kuliko mazishi yenyewe.

Ndiyo maana akaichukua kamera ya marehemu akaenda kujifunza. Kulikuwa na kikundi cha wapiga picha wa kujifurahisha, kikifundishwa kwenye ukumbi wa mtaa na mstaafu mmoja wa studio waliyemwita Mzee Tabasamu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona lake.

"Wewe bwana mikate," alimwambia, "vichwa vya watu ulivyokata vinatosha. Piga kitu kisichotikisika. Piga kiti! Ukikiweza, kiingize kwenye shindano."

Mada ya shindano la mtaa ilikuwa "Nyumbani". Na kiti alichokichagua kilikuwa cha mkewe.

Picha ya pili ikaja na bega. Ya tatu, mgongo wa mwanamke aliyeinamisha kichwa. Mwingine angeitupa kamera na kuhama. Yeye, maskini, akanong'ona, "Karibu, mke wangu. Geuka basi nikuone."

Tangu hapo nyumba ikaanza kunuka nguo zilizosahauliwa majini. Kiti kikawa kinalia chenyewe mchana kweupe, kama mtu anayejiweka sawa.

"Baba, unasikia?" binti aliuliza kwa sauti ya chini, kisu kimemganda juu ya kitunguu.

"Mbao hizo, mwanangu. Zinakauka."

Siku mwanamke wa pichani alipogeuka na kuonyesha uso mzima, mwoka mikate alilia kwa furaha. Binti aliitazama akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Huyo si mama."

"Ni yeye."

"Mama alikaa kimya lini, akakunja mikono hivyo? Na yaangalie macho, baba. Dirisha liko mbele yake, lakini hayana mwanga hata chembe."

"Nimekosea pembe tu," alisema. Ukipenda, chongo huita kengeza.

Picha ikachapishwa kubwa, ikashinda nafasi ya kwanza. Ukumbini watu walijaa mbele yake, na mwoka mikate akasimama pembeni, kifua mbele, akisubiri kumtambulisha mkewe. Muuza viatu mmoja, mwanamke wa makamo, akashika mdomo. "Jamani, huyu ni marehemu dada yangu! Nani alimpiga picha?"

"Dada gani?" akasema mwanamume aliyekuwa nyuma yake. "Huyo ni kijana. Huyo ni mwanangu tuliyemzika."

Mzee Tabasamu akasogea, akavua miwani. Kwa mara ya kwanza watu wakayaona meno yake. "Mama," alisema taratibu, na machozi yakamtoka.

Mwoka mikate alibeba picha yake akarudi nyumbani bila kuaga mtu.

Asubuhi muuza viatu alimfuata kwenye duka la mikate, macho yamevimba. "Nimeamka uso wa dada yangu haupo. Nautafuta kichwani siupati. Umenifanya nini?" Mwoka mikate alifunga duka, akaichukua picha, akaenda na binti yake kwa bibi mmoja mtabibu.

Bibi hakuigusa picha. Aliinusa kutoka mbali. "Jini hili halina sura yake," alisema. "Hula sura za waliokufa kutoka kwa waliowapenda. Hutoka kwa neno moja. Litazame, uliambie hulijui. Lakini likitoka, hutoka na lilichokula."

"Na nikiliacha?"

"Utabaki na uso wa kuangalia, mwanangu. Na kila atakayeuona atapoteza wake."

Mwoka mikate akamfikiria muuza viatu. Akamtazama binti yake, akajipa moyo kwamba huyu atamkumbusha uso wa mama yake. "Litoke," akasema.

Wakarudi na bibi nyumbani, wakaiegemeza picha juu ya kiti, na kabla hajafungua mdomo ile harufu ikapanda kutoka sakafuni ikajaa jikoni, na kiti kikalia kwa uzito wa mtu, na sauti ikaanza, sauti ya mkewe yenyewe, ya chini, ya mtu aliyelia mpaka akachoka, ikimwita mume wangu, ikimuuliza amemkosea nini, ikimkumbusha homa aliyomuuguza na usiku aliokesha kwa ajili yake, ikimwomba asimfukuze tena nje kwenye baridi, na binti akaziba masikio akiomba ikome, na mwoka mikate akayatazama macho yale yasiyo na mwanga, akasema, "Sikujui."

Sauti ikakatika. Kwenye picha kilibaki kiti na jua. Harufu ikaisha. Kisha, upande wa nje wa dirisha, ikasikika sauti nyingine, isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume.

"Mimi hunijui, sawa. Na yeye je, unamjua?"

"Usilijibu," bibi alisema.

Lakini alikuwa ameshaanza kutafuta. Paji la uso. Macho, yalikuwa makubwa? Alikuwa na mwanya? Alitafuta kila mahali alipokuwa amemweka, miaka yote ya ndoa, na kila mahali palikuwa peupe.

Akamgeukia binti yake, akamshika mkono. "Mwanangu, nisaidie. Mama yako alikuwaje?"

Binti alikuwa tayari analia.

"Nilidhani wewe ndiye unayekumbuka, baba."