Mujuni Hayumo Kifungoni

Mujuni alikuwa mvuvi wa dagaa. Nyumba yake ilikuwa Buganguzi, katikati ya migomba na mibuni, lakini kazi yake ilikuwa visiwani. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo kila mbalamwezi Mujuni alirudi nyumbani.

Siku hizo mkewe, Kokuberwa, alimenya ndizi nyingi kuliko kawaida. Binti yao Kemilembe, wa darasa la nne, alikimbilia barabarani kumpokea baba. Mama yake Mujuni, Mama Sabina, alikaa barazani akisema mwanawe amekonda. Alisema hivyo kila mara, hata pale Mujuni alipokuwa amenenepa.

Mwaka juzi, mbalamwezi moja ilifika na Mujuni hakurudi. Upepo ulikuwa umechafua ziwa, mtumbwi ukapinduka. Wenzake waliushikilia wakaokolewa. Mujuni hakuwa amevaa jaketi la kuokolea. Walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Mwili wake haukuonekana.

Watu walijaa nyumbani kwake. Walilia, wakapika, wakalala sebuleni. Lakini siku ya kuanua matanga ilipofika, Mama Sabina alikataa.

"Nianue matanga ya nani?" aliuliza. "Mmeniletea mwili?"

 Majirani wakaondoka mmoja mmoja.

Ndipo akaja Rugemalira. Alikuwa mnunuzi wa dagaa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na watu walimwita mtumishi kwa sababu alihubiri. Hakuwa tapeli. Hakuomba chochote. Yeye mwenyewe alikuwa amempoteza mdogo wake ziwani, wala hakumzika.

Rugemalira alifungua Biblia, waraka wa kwanza wa Petro, sura ya tatu. Akasoma habari za Kristo kuwaendea roho waliokaa kifungoni na kuwahubiri. Akasoma habari za Nuhu na maji.

"Umesikia, mama?" alisema. "Kifungo, na maji. Waliozama wanashikiliwa chini huko. Mujuni yumo. Mdogo wangu yumo. Mkianua matanga, mnamfungia mlango. Inabidi tuwaite mpaka wasikie."

Mama Sabina alishika mikono yake. Tangu msiba uanze, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kuacha kulia.

Kuanzia hapo kila Ijumaa walishuka ziwani. Walisimama majini hadi magotini, wakamwita Mujuni kwa jina. Siku hiyo hawakula kitu, na Kemilembe hakwenda shule. Nyumbani magugu yaliota kwenye kibanja, lile shamba linaloizunguka nyumba, na buni zilianguka chini bila kuchumwa. Kokuberwa aliona yote hayo. Lakini angefanyaje? Akiacha kuita, si atakuwa amemwacha mume wake gizani?

Mchungaji wa usharika alikuja kuwaona. Mama Sabina akamwonyesha ule mstari. Mchungaji aliusoma, akausoma tena, akafunga kitabu.

"Haya ni mafumbo, mama," alisema. "Usiyachimbe. Wewe mwamini Mungu tu."

Alipoondoka, Mama Sabina alisema, "Yule hajui. Rugemalira anajua."

Siku moja wakati wa mvua kubwa, Mama Sabina alimwambia Kokuberwa, "Mwanangu, nimemsikia. Ameniitikia." Kokuberwa alidhani ni uchovu wa kufunga. Akamlaza, akamfunika blanketi, akaenda kutafuta kuni. Aliporudi kitanda kilikuwa kitupu.

Wanawake wanaoanika dagaa ndio waliomwona. Alikuwa ameingia ziwani peke yake, na mawimbi yalikuwa makubwa. Walimtoa akiwa amekwisha kufa. Kitenge chake kilikuwa kimefungwa vizuri kiunoni, kama mtu anayekwenda kanisani.

Walimzika kwenye kibanja, jirani na kaburi la mumewe. Kaburini Rugemalira alisimama akasema, "Mama amekwenda kumfuata mwanawe kifungoni."

Jioni Kokuberwa alikuwa akiosha sufuria. Kemilembe akamsogelea.

"Mama, na mimi nitakwenda lini kumfuata baba?"

Sufuria ilimtoka Kokuberwa mikononi. Alimshika mtoto akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaumia. Kesho yake alifunga Biblia ndani ya khanga, akampeleka Kemilembe kituoni, wakapanda gari la Bukoba.

Alikwenda kwa Jesca. Jesca alizaliwa Buganguzi, nyumba ya tatu kutoka kwao. Sasa alifundisha Agano Jipya katika chuo cha wachungaji, na alipanga vyumba viwili mtaa wa Kashai. Aliwapa chai, akamlaza mtoto chumbani, akasikiliza habari yote bila kuikatiza.

"Pole, waitu, mwenzetu," alisema mwishoni. "Nisomee huo mstari. Polepole."

Kokuberwa akasoma.

"Hao roho waliasi lini?"

Kokuberwa alitafuta kwa kidole. "Zamani. Siku za Nuhu."

"Mujuni aliishi siku za Nuhu?"

"Hapana."

"Endelea kutafuta. Petro anasema ni akina nani?"

Kokuberwa alisoma juu, akasoma chini. "Hasemi."

"Kwa nini hasemi?"

"Sijui, dada."

Jesca akafikiri kidogo. "Hapa Bukoba mtu akisema, 'Fulani alifariki kwenye meli,' kuna anayeuliza meli gani?"

"Hakuna. Kila mtu anajua ni ile iliyozama ziwani na watu wengi."

"Basi. Miaka elfu mbili ijayo mtu wa nchi ya mbali akisoma maneno hayo, hatajua. Atafanya nini?"

"Atatafuta maandishi mengine ya wakati wetu."

"Ndivyo tunavyofanya na sisi. Wasomaji wa kwanza wa Petro walikuwa na simulizi waliyoijua wote, kwa hiyo hakuhitaji kuieleza. Tunaikuta katika kitabu cha kale cha Wayahudi, kinachoitwa kwa jina la Henoko. Kinasimulia malaika walioasi kabla ya gharika. Waliacha mahali pao, wakaharibu dunia. Mungu akawafunga gizani mpaka siku ya hukumu."

Kokuberwa alirudisha kidole kwenye mstari wake. Kisha akauliza, "Wamefungwa? Kifungoni?"

"Kifungoni. Sasa fungua waraka wa Yuda, ule mfupi. Utaona malaika waliofungwa vifungo gizani, na utaona jina la Henoko. Soma na Petro wa pili, sura ya pili. Ni habari ile ile. Kwa hiyo wasomi wengi wanaona kwamba roho wa mstari wako ni hao malaika. Wapo wanaosema ni watu wa siku za Nuhu. Hilo tunajadiliana. Lakini wavuvi waliozama Ziwa Viktoria hawamo."

"Hicho kitabu cha Henoko ni Biblia?"

"Kwetu si Biblia. Kanisa la kale la Ethiopia linacho katika Biblia yake, sisi hatuna. Sikisomi ili kiniamuru la kufanya. Nakisoma nijue watu wa wakati ule walikuwa wanajua nini, ili nimwelewe Petro. Mtu akikuletea kitabu cha namna hiyo na kusema kanisa limekuficha siri, mwogope. Na mtu akichukua mstari mmoja bila kuuliza uliandikiwa nani, mwogope pia."

"Petro aliwaandikia nani?"

"Watu walioteswa. Aliwaambia kwamba hata nguvu zile mbaya kuliko zote ziko chini ya Kristo. Alikuwa anawafariji."

Kokuberwa alitazama ukurasa. Ulikuwa na madoa ya maji ya ziwa.

"Basi Mama amekufa kwa jambo ambalo Petro hakulisema," alisema.

Jesca alisogeza kiti karibu naye. "Ndiyo," alisema.

"Na mchungaji mbona hakuniambia?"

"Labda hakujua, akaona haya kusema hajui. Angesema tu, 'Ngoja nikaulize.'"

Jumamosi Jesca alifuatana nao hadi Buganguzi. Ukoo ulikusanyika, mchungaji akaja, na Rugemalira akaitwa. Kokuberwa mwenyewe ndiye aliyesoma na kueleza. Alipokwama, Jesca alimsaidia. Mchungaji aliandika maelezo, akaomba radhi mbele ya watu wote.

Rugemalira alikuwa amekaa mwisho wa benchi. "Na mdogo wangu?" aliuliza.

"Hayumo katika mstari huo," Jesca alisema.

"Basi yuko wapi?"

"Amekufa, kaka. Yuko mikononi mwa Mungu."

"Miaka yote hii nimekuwa namwita." Aliangalia mikono yake. "Na huyu mama nimemwua mimi."

 Rugemalira akainuka, akashika njia. Hakuhubiri tena. Wavuvi husema wakati mwingine humwona amesimama majini peke yake, kimya.

Jumapili ile walifanya ibada ya Mujuni. Walizika shati lake na suruali, wakasimamisha msalaba wenye jina lake kando ya kaburi la mama yake. Kokuberwa alilia kwa sauti mpaka sauti ikakauka. Baada ya ibada walianua matanga.

Jumatatu Kemilembe alirudi shule. Kokuberwa alishika jembe, akaanza kupalilia pembe moja ya kibanja. Siku hizi Jumatano usharika husoma Biblia pamoja, na kabla ya kueleza mstari mgumu mchungaji huuliza watu wa kale walioandikiwa waliuelewaje. Asipojua, husema hajui, na kumpigia Jesca simu.

Mwaka huu mtumbwi mwingine ulipinduka. Mume wa Hellen, mwanamke wa mwaloni, hakuonekana. Kokuberwa alikwenda kukaa naye. Siku ya tatu Hellen alimnong'oneza, "Wanasema waliozama wako kifungoni. Ni kweli?"

"Si kweli," Kokuberwa alisema. "Nitakusomea mwenyewe, nikuonyeshe."

"Basi yuko wapi?"

"Amekufa, mdogo wangu. Hatuna wa kumwita. Tunaye wa kumlilia."

Hellen akamwegemea, wakalia.