Picha ya Bi Jokha, Muuza Papa

Kila asubuhi, akitoka chuoni kusoma Kurani, Hamda alikwenda mtaa wa Malindi, dukani kwa baba yake, kumsafishia vioo vya picha, vile vinavyonasa sura ndani ya kamera. Bwana Msabah alikuwa mpiga picha, ila ndani kwa wanawake hakuweza kuingia, ndipo akamfundisha bintiye. Juani, alimwambia, weka tundu la kamera dogo, ondoa kifuniko na kurudisha papo hapo. Chumbani mwanga ni haba; panua tundu, funua, usome Fatiha taratibu moyoni, ndipo ufunike.

Alhamisi moja alitumwa kwa Bi Jokha, muuza papa, aliyekuwa akisafiri kwenda Hija keshokutwa. Alitaka kumwachia bintiye, Fatma, sura yake, maana si wote waliokwenda wakarudi.

Nyumba ile ilinuka, msiulize! Papa wakavu walirundikwa hadi darini, nzi wamewatanda, mafuta yakichuruzika sakafuni. Hamda alishikwa na kichefuchefu. Tundu akaliacha dogo, lile la juani, akabana pua kwa mtandio, Fatiha akaiparamia, akatoka mbio bila kuaga.

Jioni kioo kilitiwa dawani ili picha itoke. Dirisha lilionekana, uso wa Bi Jokha haukuwamo. Hamda akasema vioo vimeoza. Baba alimwamini. Akabeba sanduku zima la vioo kwenda kulitupa.

Hamda alijichukia. Uongo ule ulimtia kinyaa kuliko wale papa.

"Baba, usivitupe. Vioo vizima. Mimi ndiye niliyeikimbia harufu."

Bwana Msabah aliliweka sanduku chini, akamtaka arudi kesho yake akamwambie na Bi Jokha.

"Nilikuona ulivyobana pua," Bi Jokha alimjibu. "Hata mie inanichukiza, mwanangu, sijaizoea mpaka leo. Lakini ndiyo iliyomlea Fatma, na nauli ya Makka imetoka humu humu."

Hamda alipanua tundu, akaachia pua, akasoma Fatiha neno kwa neno. Safari hii hata mikunjo ya uso ilitoka.

"Kazi ikikutia kinyaa, hapo ndipo usiifanyie haraka," baba alimwambia. "Na ukikosea, sema mapema, kabla mwengine hajabeba kosa lako."

Meli ilipoondoka, Hamda alimpelekea Fatma picha. Fatma aliitazama kwa muda mrefu, akaibusu, kisha akainusa.

"Ni yeye hasa," alisema, machozi yakimlenga. "Harufu yake tu ndiyo haimo."