Mmoja Mlimani, Mmoja Mtoni

Siku ya soko, uwanja wa mji mkongwe ulikuwa umejaa waendesha baiskeli. Wengine walijaza maji kwenye chupa, wengine walikanda mapaja yao kwenye kivuli cha kuta za mawe. Katikati yao akatokea kijana mrefu amebeba baiskeli begani, shati lake jeupe limechorwa mistari miwili ya grisi.

"Kaka, hiyo hupandwa, haibebwi," akaambiwa.

Aligeuka. Kwenye mlango wa karakana ndogo alisimama fundi mwanamke, ovaroli ya buluu, kitambaa cha njano kichwani, bisibisi nyuma ya sikio.

"Mnyororo umekatika, dada. Nimeibeba tangu darajani."

"Pole. Na shati hilo la harusini?"

"Nilitaka kupendeza."

"Umpendeze nani, mizabibu?"

Kijana akacheka. Kweli kazi yake ilikuwa kupogoa mizabibu, kwenye shamba la mama yake. Fundi aliona kiganja chake kimechanika. Kabla ya kugusa mnyororo alikiosha, akakifunga kitambaa safi. Kijana hakusahau jambo hilo.

Njia ya baiskeli ya pale ilikuwa ya duara, kilomita arobaini, si ya kumuua mtu wala si ya kumlaza usingizi. Karakana ilikuwa upande mmoja wa duara, shamba upande wa pili. Kutoka huku kwenda kule ulichagua mwenyewe: mlimani, katikati ya mizabibu hadi kwenye mnara wa kale, au mtoni, tambarare yenye kivuli na daraja la mawe.

"Utarudi kwa njia ipi?" fundi akauliza.

"Mtoni. Mlima nauheshimu kwa mbali."

"Mimi hupita mlimani. Dawa chungu nainywa kwanza."

Wakaanza kukutana kila Jumapili, hii mnarani kwa ajili ya fundi, ijayo darajani kwa ajili ya kijana.

"Bwana Zabibu, umechelewa."

"Fundi wangu, nimefika na magoti yote mawili. Nishukuru."

Kila mara kijana alimletea zabibu zilizofungwa kwenye majani ya mzabibu.

Msimu wa mavuno ulipokwisha, alimpeleka kwa mama yake. Mama alikuwa mjane, shamba lile na mwanawe alivikuza peke yake. Mezani aliziangalia kucha za mgeni muda mrefu.

"Binti, ukiolewa hapa, karakana utaifunga. Mke wa nyumba hii hanuki grisi."

Fundi akamtazama mpenzi wake. Mpenzi wake akaitazama sahani.

"Ahsante kwa chakula, mama," fundi akasema, akainuka. Kijana alimfuata hadi getini.

"Mpenzi, yule ni mama. Ningemjibu vipi?"

"Kwa mdomo. Ule ule unaoniitia fundi wangu."

"Nipe muda."

"Karakana ile nimeijenga miaka sita, spana moja moja. Siifungi kwa ajili ya pete. Rudi kwenye sahani yako."

Akapanda baiskeli, na simu akaizima wiki mbili nzima.

Jumapili ya tatu, mioyo yote miwili ililainika asubuhi moja. Kijana alijiambia, yeye anapenda mlima, nitaupanda, nikifika natoka jasho atajua nimekusudia. Naye fundi alijiambia, karakana sifungi, lakini nitamweleza bila hasira, na nitapita mtoni, njia anayoipenda. Basi kijana akihema mnarani, fundi alikuwa anavuka daraja.

Kijana alikuta mlango wa karakana umefungwa. Akangoja hadi maji ya chupa yake yakaisha. Fundi naye, huko shambani, alimkuta mama wa kijana anasukuma toroli linalolia kama paka aliyekanyagwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayupo. Ametoka asubuhi, hakusema aendako."

Ilikuwa kweli. Mama akamletea maji, kwenye glasi nzuri ya wageni. Fundi alikunywa, akashukuru, kisha akapiga goti, akatoa chupa ya mafuta na kulitengeneza gurudumu la toroli.

"Sikukuomba."

"Najua, mama. Nimelionea huruma."

"Karakana bado unayo?"

"Ninayo. Na nitakuwa nayo."

Akaondoka kwa njia ya mlimani, hasira aimalizie miguuni. Saa hiyo kijana, aliyekwisha kukata tamaa na kuchoka magoti, alirudi kwa njia ya mtoni. Wakalizunguka duara zima kama magurudumu mawili ya baiskeli moja, yanakwenda upande mmoja na hayakutani.

Fundi alipofika kwake, akakuta zabibu zimefungwa kwenye majani, zimetundikwa kwenye kitasa. Akaiwasha simu, akampigia.

"Ulipita wapi wewe?"

"Mlimani. Na wewe?"

"Mtoni."

Fundi akatia zabibu moja mdomoni.

"Mlima umekuwaje rafiki yako?"

"Si rafiki yangu. Ni rafiki yako."

Fundi akafuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Mama yuko hapo?"

"Amesimama mbele yangu."

"Basi sema. Nasikiliza."

Kijana akaiweka simu kwenye spika. "Mama, huyu namuoa. Karakana haifungwi. Kama grisi haiingii nyumba hii, mimi nitaifuata iliko."

Mama alisukuma toroli hatua mbili. Halikulia.

"Miaka mitano nimeishi na kelele za toroli hili," akasema, "na wewe una masikio. Mwambie aje. Ila kucha zile bado sizipendi."

"Mwambie mama nimesikia," sauti ikatoka kwenye simu, "na zitabaki hivyo hivyo."

Mama akageuka upesi, asionekane anacheka.

Kijana aliupanda mlima mara ya pili siku ile. Fundi alikuwa mlangoni, hajavua ovaroli.

"Nimekuja kukuposa, wewe na spana zako zote."

"Magoti yako yako wapi?"

"Yamebaki mnarani."

"Basi twende kwa mama kwa njia ya mtoni, uyapumzishe. Nivae gauni?"

"Vaa hiyo hiyo."

Fundi akachukua chaki, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa, msafiri wa mbali azione: FUNDI KAENDA KUPOSWA. KESHO SAA MBILI KAZI KAMA KAWAIDA.