Huyu Ni wa Kwetu

Mezani walikuwa watatu, na sauti zilizosema "nimeiona" zilikuwa tatu. Kosa lilikuwa hapo, kwa sababu mwenye sarafu hasemi.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao kila Jumamosi mchana, sebuleni kwa Mwalimu. Aliyepata sarafu au noti mpya aliizungusha mezani. Kila mmoja aliishika kwa kingo, akaitazama kwa lenzi, akasema "nimeiona," akampa wa pili. Mwisho mwenyewe aliulizwa swali moja tu: imetoka wapi? Na alitakiwa kusema kweli. Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha, lakini hakuwa amestaafu kusahihisha watu. Alisema sarafu isiyojulikana ilikotoka ina kasoro, hata ing'ae vipi.

Siku hiyo alianza Noti, muuza vifaa vya umeme. Walimwita hivyo kwa sababu hakutaka sarafu, alisema zinamtoboa mifuko. Alileta noti ya plastiki yenye ndege wa buluu, na nyingine ya nchi ambayo siku hizi haipo kwenye ramani. Mwalimu alitoa sarafu yenye pembe saba aliyotumiwa na mkwe wake. Kisha wote wawili wakamgeukia Fundi, msichana mwenye duka la kushona nguo nyuma ya kituo cha mafuta.

"Haya, Fundi," alisema Noti. "Leo umetuletea chenji ya sokoni tena?"

Fundi alitoa kifurushi kidogo mkobani. Alifungua kitambaa, akaweka katikati ya meza sarafu ya fedha, nene, pana kama mdomo wa kikombe. Upande mmoja kulikuwa na uso wa mwanamke aliyejifunika kichwa, pua imelika. Kumzunguka kulikuwa na herufi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyezijua.

Noti aliacha kutafuna karanga zake.

"Nimeiona," alisema Mwalimu polepole.

"Nimeiona," alisema Noti, na safari hii hakutania.

"Nimeiona," ilisema sauti ya tatu, nyembamba, ya mtu aliyetulia.

Noti alimtazama Fundi. "Sasa wewe mwenye nayo unasema ya nini?"

"Mimi? Sijafungua mdomo."

Walicheka kidogo, kila mmoja akimngoja mwenzake aache kwanza.

"Imetoka wapi?" aliuliza Mwalimu.

Fundi alihisi masikio yakimchoma. "Ya marehemu bibi yangu," alisema. Waliendelea kumtazama, basi akaongeza mzaha ili wasimchunguze. Alimgusa yule mwanamke wa kwenye sarafu kwa ncha ya kidole. "Hamuoni tunavyofanana? Huyu ni wa kwetu."

"Hii ni ya kwetu," Mwalimu alisahihisha. "Sarafu si mtu, mwanangu." Kisha akaisogeza lenzi karibu, na uso wake ukabadilika. "Umeisafisha?"

"Kidogo tu. Mswaki na sabuni."

"Lo! Mbona tulikwambia siku ya kwanza? Weusi wa sarafu hausuguliwi. Na hapa ukingoni palikuwa na maandishi ya wino, tena si ya zamani. Umeyafuta yote."

Alimrudishia kwa huzuni. Fundi akaifunga kwenye kitambaa, na akiwa njiani kurudi nyumbani alijisemea kwamba mikono yake inanuka chuma kwa sababu ya kuishika muda mrefu.

Ukweli ni kwamba bibi yake hakuacha sarafu yoyote. Aliacha sufuria mbili na kiti kibovu.

Wiki mbili kabla, mama mmoja alileta koti la binti yake wa miaka tisa. Mikono ilikuwa imekuwa mifupi. "Nirefushie mikono tu, dada," alisema yule mama. "Pindo la chini usiliguse. Tafadhali, pindo usiliguse kabisa." Alisema mara mbili, kisha akageuka mlangoni akasema mara ya tatu.

Vidole vya fundi wa nguo vinaona kabla ya macho. Fundi alipolipiga pasi lile koti, alihisi uzito ndani ya pindo la nyuma, wa duara, umezungushiwa kitambaa chenye nta. Alifumua mishono sita. Alipoiona sarafu, moyo ulimruka. Kwa miezi minane alikuwa akienda kwa Mwalimu na vitu vya kuchekwa, na sasa kitu kama hiki kilikuwa kinaning'inia kwenye koti la mtoto. Aliipima kwenye mizani ya jikoni. Akatafuta washa ya chuma, ile pete bapa ya kukazia boliti, ya duara ileile, akaongeza kifungo kimoja hadi uzito ukalingana, akavifunga katika kitambaa kilekile cha nta na kushona pindo kwa uzi uleule, mishono sita. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Yule mama alipolichukua koti, aliliminya pindo, akashusha pumzi, akamwambia, "Ahsante, dada. Una mikono mizuri."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkaa Fundi kooni.

Jumatatu mchana, duka likiwa na kelele za barabarani kama kawaida, aliingia mteja mwenye sketi ya kujaribu. Alikaa kwenye benchi akangoja. Dakika kumi zikapita.

"Mbona huingii?" aliuliza Fundi. Kona ya kujaribia nguo ilikuwa hapo hapo, pazia na kioo nyuma yake.

"Si kuna mtu? Namngoja amalize."

Fundi aligeuka. Pazia lilikuwa limetuna kwa ndani, kama linavyotuna mtu anapoinua viwiko kuvua blauzi, likalegea, likatuna tena. Harufu ya chuma kilicholowa ilijaa mle ndani. Alisimama, akavuta pazia. Palikuwa na kioo tu, kimefunikwa na ukungu wa pumzi hadi usawa wa uso wa mtu.

Mteja aliacha sketi benchini akaenda zake bila kuaga.

"Mjukuu wangu," ilisema sauti nyuma ya cherehani.

Fundi hakugeuka.

"Mjukuu wangu, mbona hunikaribishi?"

"Wewe si bibi," alinong'ona. "Bibi hakuniita hivyo hata siku moja. Aliniita mke mwenza."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Bibi yake alikuwa akimtania hivyo tangu akiwa mdogo, akidai wanamgombea babu. Utani huo ulikuwa wa wao wawili tu, na sasa ameutoa mwenyewe.

Nyuma yake ilisikika pumzi, kama ya mtu anayeonja neno.

"Mke mwenza," ilisema sauti, na safari hii ilikuwa na mkwaruzo uleule wa bibi, na kikohozi kilekile kidogo mwishoni, na Fundi akafunga duka mchana kweupe na kutembea mitaani hadi miguu ikamuuma, akipita maduka ya watu wenye amani, akisimama kila alipoona watu wengi, na kila alipopita mbele ya dirisha la kioo aliona kivuli chake kikipita kwanza, na nyuma ya kivuli chake, kwa hatua moja tu, kivuli kifupi cha mtu aliyejifunika kichwa kikitembea taratibu kama mtu mzima anayesindikizwa na mtoto wa kwao.

Siku ya Alhamisi yule mama wa koti alirudi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Hakukaa.

"Dada, nisamehe kwa kukuuliza," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipokuwa unashona, pindo liliguswa? Hata kwa sindano tu?"

Fundi alishika mkasi, akauweka tena mezani.

"Mwanangu alikuwa amepona. Mwaka mzima alikuwa amepona. Sasa hali, hanywi, usiku na mchana anaongea na ukuta. Jana alizungumza nami kwa sauti ya mtu mzima. Ananiambia, 'Mimi nina kwetu sasa, nikimaliza hapa naenda kwetu.' Akimaliza nini, dada? Amebaki mifupa. Mganga aliyelifunga jini lililomsumbua yuko nyumbani sasa hivi, anasema kuna mkono wa mtu."

Cherehani lilizunguka lenyewe mara moja, kwa upole, kama limeguswa na mtu anayesikiliza.

"Ni mkono wangu," alisema Fundi.

Alieleza yote, mizani, washa, kifungo, mswaki na sabuni. Alitarajia kofi. Yule mama alimtazama tu, halafu akaitazama mikono yake, ile aliyoisifu, akasema, "Inuka twende."

Mganga alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, ungedhani karani wa benki. Binti alikuwa amelala kwenye godoro akiwa na koti mwilini, uso umeelekezwa ukutani. Mganga alimsikiliza Fundi bila kumkatiza. Fundi alipofika kwenye mzaha wa Jumamosi, mganga alinyanyua mkono.

"Ulisema 'ya kwetu' au 'wa kwetu'?"

"Wa kwetu," alisema Fundi. "Mwalimu alinisahihisha."

"Alichelewa." Mganga alivua miwani. "Nilipolifunga jini hili ndani ya sarafu, niliweza kwa sababu halina kwao. Mgeni unaweza kumfungia mlango. Wewe umeyafuta maneno yaliyolifunga, kisha ukaliita ndugu mbele ya mashahidi. Sasa lina milango miwili. Mmoja ni mtoto huyu, ambaye halijammaliza. Mwingine ni wewe."

"Lifunge tena," alisema mama.

"Sarafu iliyooshwa haishiki wino mara ya pili." Alimgeukia Fundi. "Unaweza kwenda mbele ya mashahidi walewale ukalikana. Litakuacha wewe, na litabaki na mtoto. Kwa hali yake, sidhani atafika Jumatatu. Au unaweza kulikubali kwa kinywa chako, ukijua unachosema. Hapo litamwacha mtoto moja kwa moja, maana hakuna anayekaa ugenini akiwa na kwao. Lakini likishakuwa lako, ni lako, na vyote vya kwenu ni vyake. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Fundi, lakini alikuwa akimtazama mtoto, mgongo mdogo ukipanda na kushuka ndani ya koti alilolishona yeye, na hakusikia zaidi ya nusu.

Jumamosi sebule ya Mwalimu ilijaa. Noti alikuwa amekaa mbali na meza. Mama alimpakata binti, aliyekuwa mwepesi kama furushi la nguo. Mwalimu alimimina chai ambayo hakuna aliyeinywa.

Fundi aliweka sarafu mezani. "Sarafu hii niliiiba," alisema. "Niliitoa kwenye koti la mtoto huyu. Niliwadanganya kwa sababu nilichoka kuchekwa."

Noti aliinamisha kichwa. "Fundi, ulikuwa utani tu jamani."

"Najua. Mimi ndiye sikuwa na utani." Harufu ya chuma ilikuwa imezidi hadi Mwalimu akaziba pua kwa leso, na chai ndani ya vikombe ilikuwa ikitetemeka duara kwa duara ingawa hakuna aliyeigusa meza, na binti alikuwa amegeuza kichwa kwa mara ya kwanza baada ya siku sita akimtazama Fundi kwa macho ya mwanamke mzee anayengoja mlango ufunguliwe. "Sarafu si ya kwetu. Ni ya watu. Lakini huyu aliyekuja nayo, mimi nilimwita, na sasa namwita tena. Huyu ni wa kwetu."

Mwalimu hakusahihisha.

Vikombe vilitulia. Binti alipepesa macho, akatazama chumba kilichojaa watu wasiomjua, akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto aliyeamka mahali pageni. "Mama, nataka maji," alisema. Mama yake alimkumbatia kwa nguvu hadi akalalamika anabanwa. Wakaondoka na mganga. Mlangoni yule mama alisimama, akaitazama mikono ya Fundi, akaenda.

Noti alijitolea kumsindikiza. Fundi alikataa.

Alirudi dukani, akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha cherehani. Nje bado kulikuwa na mwanga na watu walikuwa wakinunua mafuta. Aliona aibu, lakini kifuani alikuwa mwepesi kidogo. Alidhani amelipa. Alidhani, kwa kuwa kosa lilikuwa lake peke yake, na mzigo utakuwa wake peke yake.

Pazia la kona lilisogezwa polepole. Benchi lililia, kama linavyolia likikaliwa.

"Nashukuru," ilisema sauti ya bibi, na kikohozi kile kidogo. "Muda mrefu sana sikuwa na watu. Mganga kasema vyote vya kwenu ni vyangu, nami nimefurahi."

Fundi aliganda, mguu kwenye pedali.

"Sasa nitajie ndugu zetu. Mama yako anaishi wapi? Na huyo mdogo wako aliyejifungua juzi, mtoto wamempa jina gani?" Benchi lililia tena, likisogezwa karibu. "Taja tu, mke mwenza. Nitakwenda kumsalimia kila mmoja. Nianze na nani?"