Mke Aliyesusia Sinia

— Tonge moja tu, Laila. Moja.

— Sina njaa, mume wangu.

— Jana hukuwa na njaa. Juzi hukuwa na njaa. Leo ni siku ya kumi na tisa nala peke yangu kama msafiri!

Sameer aliuondoa mkono wake siniani. Wali wa nazi na samaki wa kupaka vilikuwa vikifuka moshi, na upande wa mkewe haukuguswa. Tangu walipooana Mombasa, miaka tisa iliyopita, walikula sinia moja kila baada ya Maghribi, hata walipohamia Kilimani, katika fleti ambayo hapana jamaa jirani wa kuibishia hodi. Na kwao, mke akisusia sinia la mumewe hahitaji kunena neno, ameshashtaki.

— Nimekukosea nini?

— Hukunikosea.

— Basi yuko anayekulisha.

Laila aliinuka akaenda chumbani, akaiacha simu yake mezani. Hakwenda kwa kiburi. Harufu ya samaki ilimtia machozi, kwani alimpika kwa mikono yake asimwonje hata chumvi.

Kutoka huko alimsikia mumewe akipiga simu na kuiweka kwenye spika.

— Asalamu alaykum, Mjomba Abdulfatah. Mpwa wako amenisusia.

Abdulfatah, mwalimu wa madrasa katikati ya jiji, ndiye aliyemwoza Laila.

— Wa alaykum salaam. Umemuuliza kwa upole au kwa hasira?

— Kwa vyote viwili, Mjomba.

— Basi Jumapili nitakuja na wazee. Ama mtapatana mbele yetu, ama mtaachana kwa wema.

Kuachana! Laila aliketi ukingoni mwa kitanda. Katika jiji lile lote hakuwa na wa kumwambia. Mwezi uliopita, katika kliniki moja ya Upper Hill, mizani ilisoma kilo mia moja na saba, na sukari yake ikakutwa kwenye mpaka wa maradhi. Mamake alizikwa akiwa na mguu mmoja kwa sababu ya sukari hiyohiyo. Angemwambiaje Sameer, ambaye mbele ya wageni huusifu mwili wake na kuuita neema ya nyumba?

Simu yake ikalia mezani. Sameer akaitazama.

— Laila! Huyu "K wa Upper Hill" ni nani?

Laila alitoka mbio.

— Nipe simu.

— Ipokee hapahapa, nami nisikie.

Laila akabonyeza spika.

— Laila, sasa? Ni Kavutha wa kliniki ya lishe. Jana ulifunga kula saa ngapi?

— Saa kumi na moja jioni.

— Poa sana! Na ile njaa ya usiku?

— Njaa naivumilia, dada. Kinachonishinda ni kumwacha mume wangu ale peke yake.

— Kwani bado hujamwambia? Ai, Laila! Hii kitu huwezi beba peke yako.

Sameer aliinamia simu.

— Nipo, dada. Ni kitu gani hicho?

— Eh! Mzee yuko! Sasa, anakula ndani ya masaa nane pekee, kutoka saa tatu asubuhi. Tunaangalia kama itasaidia uzito na sukari. Si uchawi, na si kila mtu inamsaidia. Bado tunapima.

— Sukari?

— Iko mpakani — alijibu Laila. — Ya mama ilianza hivihivi.

Sameer alikaa kitako kama mtu aliyesukumwa.

— Mbona hukuniambia?

— Niliogopa. Nilisema, nikikonda hutanitazama tena.

— Nami nilidhani wamkondea mwingine. Laila, wajua mimi hukaa garini hapo chini nusu saa kabla ya kupanda? Gichuru wa getini huniuliza, "Boss, umefungiwa nje?"

— Nami nilikuwa nikikusikia ukisema bismillahi peke yako, nikageukia ukutani.

Simu ilikohoa.

— Bado niko hapa, jameni.

— Kavutha — alisema Laila akipangusa macho — naweza kuanza saa moja asubuhi, nikafunga saa tisa?

— Masaa nane ni masaa nane. Lakini asubuhi hiyo nani atapika na wewe uko mbioni kwenda kazini?

— Mimi — alisema Sameer.

— Wewe? — Laila alimgeukia. — Wewe unayeunguza maji?

Alfajiri, baada ya sala, masufuria yaliteta jikoni. Saa moja kamili sinia likatua mezani: mbaazi, mayai yaliyopasuka, mchicha, na wali kidogo.

— Mchicha umeuosha?

— Kwani huoshwa?

Laila alicheka hata akashika mbavu. Hapo simu ya Sameer ikalia.

— Sameer, nimeshawaarifu wazee watatu. Jumapili saa nne...

— Niwie radhi, Mjomba. Siwezi kuzungumza sasa.

— Una nini?

— Tunakula.

— Nyote wawili?

— Mkono wake huu hapa, Mjomba, wagusana na wangu.

— Alhamdulillahi — alisema mzee. — Kuleni, wanangu. Wazee nitawaambia wabaki makwao.

Akakata simu kabla hajajibiwa.