Mwizi Aliyepaka Grisi

Pampu ya kijiji ilikuwa imeibwa mpini, na hiyo ilikuwa siku ya tisa. Inspekta aliinama, akachungulia, akajikuna kichwa.

Nati zote nne zilikuwa zimerudishwa mahali pake na kupakwa grisi. Kichwa cha pampu kimefungwa nailoni, vumbi lisiingie. Miaka kumi na minane ya upelelezi, hajawahi kuona mwizi mwenye adabu namna hii.

"Ni hawa wanunuzi wa vyuma chakavu," alisema Mwenyekiti wa kijiji, aliyeripoti wizi. "Tumerudi kunywa maji ya mto, afande. Tutakwisha."

Inspekta akaenda zahanati kuwatafuta wanaokwisha. Muuguzi alimfungulia daftari. Kabla ya wizi, wagonjwa wa kuhara walikuwa watano, sita kwa siku. Baada ya wizi, mmoja. Wiki hii, hakuna.

"Hukuandika kinyume?"

"Hata mimi sielewi, afande."

Alitoka kichwa kikimzunguka. Maji safi yameibwa, watu wamepona! Alichobaki nacho ni ile grisi tu. Na kijiji kizima, mwenye grisi na spana alikuwa mtunza pampu, bibi waliyemwita Mama Spana.

Alimkuta akichemsha maji, mjukuu wake wa kike amelala mkekani.

"Shikamoo, mama. Mpini uko wapi?"

"Marahaba. Uvunguni."

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimvuruga zaidi.

"Umeuchukua kwa nini?"

"Mwenyekiti kachimba choo upande wa juu wa kisima cha pampu, hatua kumi na mbili tu. Nimesema kikaoni mara tatu. Akajibu choo chake kinanukia kuliko jiko langu. Watu wakacheka."

"Lakini mtoni si ndiko kuchafu zaidi?"

"Ya mto wanayaogopa, mwanangu, wanayachemsha. Ya pampu wanayaamini, wanayanywa mabichi." Alimfunika mtoto khanga. "Kaka yake nilimzika kwa imani hiyo. Huyu simtoi."

Inspekta aliona uchungu, na aibu kidogo. Akaandika maelezo, akauchukua mpini.

Mwenyekiti alimpokea kwa kicheko. "Tuufunge leo leo!"

"Hiki ni kielelezo cha kesi. Hakirudi mpaka upelelezi uishe."

"Kumebaki nini?"

"Choo chako. Ukifukie, kisima kitiwe dawa, maji yapimwe."

"Na mwizi?"

"Atakuja kuufunga mwenyewe. Wewe una spana?"